Hitilafu Niliyoichelewesha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wote waliofanya kazi nami wanalijua hilo. Nimegombana na wakubwa, na wapishi wa kantini, na mashine kuliko wote. Kwa hiyo nashangaa mwenyewe kwamba nikiikumbuka Kolwezi ya miaka ile mibaya, mgodi ulipokuwa unakufa na watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa nyumba kwa nyumba, kinachonijia kwanza ni shukrani. Hasira ipo, sijaitupa. Lakini shukrani ndiyo inayonifanya niandike.

Nilikuwa katika ofisi ya kompyuta ya kampuni moja ya shaba. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na seva, yaani mashine iliyohifadhi mafaili ya idara zote: ghala, mishahara, nyumba, shule, hospitali. Kila idara ilikuwa na kompyuta zake mezani, na ikitaka faili ililiomba kwa seva kupitia waya. Programu iliyoiendesha seva hiyo iliandikwa na Mzungu mmoja aliyepanda ndege baada ya uporaji wa wanajeshi, akatuachia disketi zenye mistari yote ya programu bila neno hata moja la maelezo. Tuliobaki kuielewa tulikuwa wawili, mimi na shefu wangu.

Shefu alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba, enzi za wakoloni, akazikwa hapahapa. Mimi baba yangu alitoka Musumba, mkoa huuhuu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi. Shefu alinitoa kwenye meza ya kupiga chapa siku aliponikuta nikiifokea kompyuta iliyokuwa imemeza ukurasa wangu mzima. Nilijua nimekwisha. Yeye akavuta kiti, akakaa.

“Mama, we unakasirikaka na mashine,” alisema. “Ni muzuri. Batu benye habakasirike, habatengeneze kitu.”

Ndivyo nilivyoanza. Alinifundisha kuisoma programu ya mtu mwingine polepole, kidole juu ya karatasi, na kutofuta mstari wowote kabla sijajua uliwekwa pale kwa ajili gani. Alikuwa anaudhi kwa usafi wake. Akikuta sehemu mbili za programu zinazofanya kazi ileile, hakula mchana mpaka azifanye moja. Nilimtania kwamba mke wake lazima anaomba ruhusa kabla ya kusogeza kijiko, naye alicheka, kwa sababu ilikuwa karibu na kweli.

Sasa nieleze hitilafu yenyewe, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mtu akifungua faili ili aandike ndani yake, seva huliwekea kufuli. Wengine wanaweza kulisoma, lakini hawawezi kuandika wala kufuta mpaka mwenye kufuli amalize. Ni jambo la busara, vinginevyo watu wawili wangeandikiana juu. Tatizo letu lilikuwa umeme. Laini ya kutoka bwawa la Nzilo ilikuwa ikikatika ovyo, na kila ilipokatika watu walipoteza kazi yao. Shefu akaongeza sehemu mpya katika programu: seva iandike kufuli zote kwenye diski yake, ili umeme ukirudi kila mtu aendelee pale alipoishia. Tulishangilia siku ile. Ghala walituletea soda.

Tulichosahau wote wawili ni mashine isiyorudi. Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta moja ya hospitali wakati ikiwa imelifungua faili la familia za wafanyakazi. Kompyuta ile ikatupwa. Lakini seva, kila ilipowashwa, ilisoma diski yake na kukuta kwamba faili hilo lina mtu, bado anaandika, asubiriwe. Tulipojaribu kuiondoa kufuli hiyo kwa mkono, seva nzima iliganda. Hospitali waliweza kuyasoma majina, ila jina jipya halikuingia na la zamani halikutoka. Watoto waliozaliwa walipewa karatasi yenye muhuri. Tulikuwa bado tunaitafuta dawa ya ugonjwa huo wakati kufukuzana kulipoanza.

Sitaliandika hapa jina walilowaita watu wa Kasai kwenye mikutano. Vijana walipita mtaani kwetu wakipiga milango. Shefu alitolewa katika nyumba ya kampuni akiwa amevaa ndala, na mke wake na watoto, na godoro moja. Wakaenda stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai pamoja na maelfu ya wengine, chini ya mashuka na magunia. Mimi nilikuwa dirishani nikiangalia, na nilitukana mpaka mama yangu akanishika mdomo.

Mezani kwa shefu akakaa mkuu mpya, mtu wa kwetu, mwenye sauti kubwa na viatu vinavyolia. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Amri aliyokuja nayo ilikuwa fupi: wote waliofukuzwa watolewe katika mafaili. Mishahara nilifuta siku hiyohiyo, na nyumba pia, nikiwa nauma meno, kwa sababu nilikuwa na mama na wadogo zangu wa kulisha. Nilipofika kwenye faili la familia, lile ambalo hospitali ililitumia kujua nani atibiwe bure, seva ilikataa. Ikaandika kwamba faili linatumika. Nikamgeuzia mkuu kioo cha kompyuta ajionee.

“Tengeneza,” akasema.

Kusema kweli nilikusudia kutengeneza. Nilikwenda hospitali kuulizia ilikotupwa ile kompyuta iliyoungua, na pale kwenye benchi nikamwona mke wa shefu na binti yao mapajani. Mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa damu, selimundu, ambao kwetu tunauita SS. Maumivu yalimshika mifupani, akahitaji maji ya mshipa na mara nyingine damu, na baridi ya stesheni ilimfanya ashikwe mara kwa mara. Karani wa mlangoni aliangalia kioo, akalikuta jina, akaita. Muuguzi akamchukua mtoto. Mwanamume mmoja nyuma yangu alinung'unika kwamba watu hawa bado wanapokelewa.

“Mashine inasema iko,” karani alimjibu bila kuinua macho. “Mi nabishana na mashine?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Karani yule hakuwa jasiri, wala muuguzi. Wangeambiwa jina limefutwa, wangeogopa na kumrudisha mtoto, na pesa ya kulipia shefu hakuwa nayo. Kwa kuwa jina lilikuwapo, wote wawili waliweza kuwa watu wema bila kujiponza. Na jina lilikuwapo kwa sababu ya kosa letu.

Jumapili nilikwenda stesheni na sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, niliyoifunga kwa kitenge. Niliwapata karibu na reli. Shefu alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, lakini alipoinuka hakunisalimu hata.

“Serveri inatembea?”

“Inatembea, shefu.”

“Ile kufuli nimeikamata, Mama! Nilikuwa mu foleni ya mayi, njo nikaikamata.”

Akachukua kipande cha mkaa na kifuniko cha katoni, akanichorea. Seva ikiamka isiamini tu kile ilichoandika jana. Iulize kila mashine: uko? Isiyojibu, kufuli yake itoke. Mistari michache tu. Ilikuwa nzuri na safi, kama kazi zake zote, na mimi nikatamani kulia.

“Shefu,” nilimwambia, “nikitengeneza, bataniambia nifute majina yenu siku ile ile. Mutoto hatapokelewa tena ku hopitali.”

Akautazama mchoro wake. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu ile sehemu iliyoleta kosa aliiandika yeye na alikuwa akiionea aibu. Nikadhani tumeelewana. Lakini nilimjua vibaya.

“Na batoto benye banazaliwa?” akauliza. “Habaingie mu faili. Haiko muzuri, Mama.”

Nilimfokea mbele ya watu wote. Nilimwambia wametupa godoro lake nje, wamemtupa yeye, na bado anahangaika na usafi wa faili la wengine. Mke wake ndiye aliyetukata kauli, huku akimmegea mtoto bukari.

“We Tata, nyamaza. Mutoto wangu apande treni kwanza. Kisha mutatengeneza bintu byenu.”

Basi nikachelewesha. Lakini mtu hawezi kukaa mbele ya seva majuma kwa majuma akiangalia ukuta, hasa mkuu anapokuja kila asubuhi, anasimama mlangoni, mlango wazi kwa korido nzima, na kuuliza kwa sauti yake ile: “Iliisha?” Nilijibu kwamba hitilafu ni ngumu, na ili nionekane nina kazi nikaanza kuisafisha programu yote. Niliichapa kwenye karatasi na kuisoma kuanzia mstari wa kwanza. Nikakuta vipande vilivyokufa, ambavyo hakuna kilichoviita tena, nikavitoa kimoja kimoja na kujaribu seva kila mara. Nikakuta mahali ambapo faili likiwa na jina refu lilikatwa na kuangukia juu ya jingine, na ndiyo maana ghala walikuwa wakipoteza hesabu zao tangu zamani na kusingizia wezi. Nikakuta sehemu tatu zinazofanya kazi moja, nikazifanya moja, na mchana ule nikala kwa raha sana.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa mtu anayejua. Majuma yale ya kujifanya nina kazi ndiyo yaliyonipa kazi. Nimeishi kwa ujuzi huo hadi leo, nimesomesha wadogo zangu kwa ujuzi huo, na nikifungua programu ya mtu nisiyemjua bado natembeza kidole polepole kama alivyonifundisha. Nashukuru. Natamani ningemwambia mara nyingi zaidi nilipokuwa na nafasi.

Kuchelewesha huko kulikuwa na gharama yake, nalo niseme. Siku moja mama mmoja mwenye kichanga alinikamata kwenye ngazi za hospitali, akanionyesha karatasi yake iliyolowa mvua, muhuri umeyeyuka. Alinisema vizuri sana, mimi na mashine zangu. Sikumjibu, na mimi kutojibu ni jambo la kuandikwa. Nilikwenda naye kwa karani, nikasimama pale mpaka akapewa karatasi nyingine. Kila nilipokwenda stesheni shefu aliniuliza habari za vichanga, nami nilimwambia wanaendelea vizuri.

Treni ilikuja hatimaye, mabehewa ya mizigo, na watu wakapanda kwa kusukumana. Nilibeba lile godoro kichwani. Binti alikuwa ametoka hospitali siku chache tu zilizopita, na muuguzi alimfungia dawa za safari katika kitambaa bila kuulizwa na bila kuandika popote. Alikaa juu ya mzigo, akila mikate ya mafuta niliyomnunulia, vidole vinang'aa. Shefu alinishika mkono, akataka kusema kitu kuhusu seva, nikamwambia anyamaze. Wakaondoka kuelekea Tenke, kisha Kamina na mbele. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia waziwazi, na atakaye anicheke.

Kesho yake mkuu alikuja kama kawaida, viatu vinalia. Lakini safari hii aliingia ndani, akafunga mlango nyuma yake.

“Treni imeenda?” Aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kama anayo.

“Imeenda, Tata.”

“Na mutoto wa shefu?”

Nikajifanya nasoma kioo.

“Jibu, Mama.”

“Amepanda. Alikuwa anakula mikate.”

Akaitikia kwa kichwa, akafuta uso kwa kiganja, kama mtu aliyetua gunia.

“Basi, tengeneza sasa.”

Nikamuuliza kama alijua. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mama, unazani hopitali haina masikio? Ningeenda kule ku mulango, niseme na kinywa: bale batu musibapokee tena. Ingeisha siku moja. Kwa ile kazi, nani anahitaji serveri?”

Nikakaa chini. Majuma yote yale nilijiona mimi ndiye mjanja, ninayemzunguka mjinga mmoja mwenye viatu vya kelele, naye alikuwa akisimama kila asubuhi mlangoni na kupaza sauti ili korido nzima isikie kwamba amri inatekelezwa na kinachochelewesha ni mashine. Nilitaka kumshukuru, lakini kwa kuwa sikuwa na mazoea nikamwambia viatu vyake vinahitaji mafuta. Akasema ataviangalia. Akafungua mlango na kutoka.

Niliongeza mistari ya shefu kama alivyoichora. Nikaizima seva, nikaiwasha. Ikaiuliza ile mashine iliyokufa kama ipo, haikujibiwa, na kufuli ikatoka. Nilianza na vichanga, karatasi zote zenye muhuri, mpaka wakaisha. Kisha nikafanya nililoamriwa. Katika familia ya shefu nilianza na jina lake, halafu la mke wake, halafu majina ya watoto wakubwa. La binti yule nililiacha la mwisho. Nikalifuta, na yeye yu hai.