Nyota Nyekundu ya Susu Kaveke

Mtoto akizaliwa kijijini, Kaveke haulizi ana kilo ngapi. Anauliza mwezi ulikuwa umekaaje. Huyo ndiye jirani yangu, mjane wa miaka sabini na mmoja, huku kusini mwa Mutomo, mwimbaji wa kwaya na msomaji wa anga asiye na aibu. Sote tunamwita Susu, yaani nyanya, hata wenye mvi kama zake. Kilimia kikichomoza anajua siku ya kupanda. Mwezi ukivaa duara, anaingiza kuni ndani. Mchungaji Munyao alishachoka kumkanya.

"Mungu mwenyewe ndiye aliziweka huko juu," humjibu. "Sasa mimi nifunge macho?"

Ujuzi huo ni wa baba yake. Mwaka wa sitini na moja mzee aliona nyota nyekundu imekaa vibaya, akawaambia watu waondoe mifugo kando ya mto. Walimcheka. Mto ukashuka na mbuzi wa kijiji kizima. Susu alikuwa na miaka tisa, na mpaka leo akisimulia sauti humbadilika. Mbuzi hawataji sana. Hutaja kile kicheko.

Basi mwaka ule redio zilipoanza kutangaza El Nino, mwethya wetu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ulikuwa ukijenga ukuta wa mawe kukata mto mkavu, ili mchanga ubaki nyuma yake na kuhifadhi maji. Ukuta ulipaswa kukamilika na saruji ishike kabla ya mvua. Mto ukishuka saruji ikiwa mbichi, kazi ya miaka miwili ingekwenda na maji, na wanawake wangeendelea kutembea saa tatu kwenda kuteka. Redio ilisema mvua ingefika baada ya wiki mbili. Nasi, kwa raha zetu, tulikuwa tukifanya kazi Jumanne peke yake.

Ijumaa jioni Susu alipuliza filimbi ya mwethya.

"Iko nyota nyekundu hapo juu ya kilima," alisema. "Hizo zingine zinatembea, hii imekataa. Baba aliona kama hii. Tumalize ukuta kesho na kesho kutwa."

"Mwaitu, dalili ya mvua ni mawingu," alisema Mulinge, fundi wetu, akimwita mama kwa heshima.

Lakini tulitoka tukaiona. Ilikuwa nyekundu kweli, imetulia tuli. Niliogopa, sifichi. Tena kwetu mwethya ukiitwa, asiyekuja hutozwa jogoo, na wangu nilimpenda.

Jumamosi tulibeba mawe kutwa. Jumapili mchungaji aliomba dakika tano pale pale mchangani, akavua koti, akashika karai. Kufika jioni ukuta ulikuwa umekamilika.

Jumatatu Mulinge alikwenda Mutomo, akarudi ameshika mbavu kwa kicheko. Upande wa pili wa kilima kulikuwa kumesimamishwa mlingoti mpya wa simu, na juu yake taa nyekundu.

Kijiji kilicheka siku tatu. Susu alijifungia ndani. Akiitwa, anasema mguu unamuuma. Nilimhurumia, na nilijilaumu pia, maana nilikuwa nimecheka kuliko wengi.

Mvua ilifika siku ya kumi na mbili tangu filimbi ile, karibu kama redio ilivyosema. Mto ulishuka ukinguruma, umebeba miti mizima. Kulipokucha tulikimbia ukingoni tukaukuta ukuta umesimama. Mulinge aliutazama muda mrefu.

"Tungengoja hizo Jumanne zetu, hii saruji ingekuwa bado mbichi," alisema. "Yote ingeenda."

Alikwenda mwenyewe kumgongea Susu mlango, sisi nyuma yake. Siku maji yalipopungua tulimpeleka mtoni. Alipiga magoti, akachimba mchanga kwa mkono, na maji yakaja kabla kiwiko hakijazama. Akanywa.

"Kupotea njia ndiko kujua njia, Susu," mchungaji alimtania.

Susu alifuta mdomo. "Baba aliona nyota ya kweli, na hakuna mtu alimsikiza," alisema. "Mimi nimeona taa ya simu, na nyinyi wote mkakuja."

Ndipo akaanza kucheka, yeye kwanza, akacheka mpaka machozi, nasi tukathubutu kucheka naye.