Tangi la Bahari Nyumbani kwa Mama

Kaka yangu alipofariki Mombasa, Mama alisema kitu chake chochote kisibaki huko. "Vitu yake yote irudi nyumbani," alisema, na Mama akishasema hivyo hakuna wa kumjibu. Kitanda kilirudi, viatu vikarudi, sufuria zikarudi. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuliza, tangi la samaki nalo likapakiwa kwenye lori, likapanda kutoka pwani hadi huku kwetu kwenye milima ya chai karibu na Litein, ambako maji ya chumvi tunayoyajua ni ya supu.

Mimi nilitaka liuzwe, na nilisema hivyo kwa sauti. Lilikuwa sanduku la kioo la urefu wa kitanda cha mtoto, na ndani yake kaka alikuwa amekuza bahari kwa miaka: mawe yaliyojaa vijidudu hai, matumbawe ya zambarau na kijani yanayofunguka na kufunga, konokono wa kulamba kioo, kamba mmoja mwenye masharubu meupe, na samaki mmoja wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe. Tulimcheka sana enzi zile. Mtoto wa mkulima wa chai anafuga samaki asiyeliwa!

Aliyekuja nalo ni rafiki yake wa huko, mtu mpole ambaye alilia njia nzima na hakuona haya kusema hivyo. Maji ya zamani alikuwa ameyatia kwenye mitungi ya plastiki, mawe ameyafunika kwa magazeti yaliyolowa, samaki na kamba wamo kwenye ndoo yenye pampu ya betri. Alilipanga upya sebuleni mchana mmoja, polepole, akiwazoesha viumbe wale maji kwa kikombe kimojakimoja. Mama alikuwa jikoni akimpikia chai. Mimi ndiye niliyepewa maagizo.

"Dada, likihamishwa hushtuka," aliniambia. "Liache litulie. Taa kidogo, chakula kidogo, mkono wako usiingie humo. Baridi ya huku ni kali, hita isizimwe. Na maji yakipungua, ongeza maji matupu ya dukani. Yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki."

Mwanzoni maji yalikuwa na ukungu, na matumbawe yalijikunja kama mtu aliyenuna. Niliapa kwamba singelipenda tangi lile, lakini nilijikuta nikilichungulia kabla hata sijanawa uso. Stima ikipotea, na kwetu hupotea mvua ikinyesha tu, Mama alikuwa wa kwanza kukimbia na blanketi za kaka kulifunika. Majirani waliokuja kutupa pole walikaa wakilikodolea macho. Mmoja aliuliza, "Sasa hii ikifika saizi gani ndio mnakaanga?" Nikamwambia atakaangwa yeye kwanza. Tukacheka, na kicheko kilipoisha hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mama hakuwa amelia. Husemwa kilio huanza mfiwa, lakini kwetu waliolia walikuwa watu wengine wote, yeye akawa anawaambia wanywe chai. Kaka aliugua ghafla. Mama alipopata habari alimjazia mursik kwenye kibuyu, yale maziwa yetu ya mgando yenye majivu ya mti, akashuka stendi kupanda basi aende akamlishe mwenyewe. Simu ya pili, ya msiba, ilimkuta akiwa kwenye foleni. Alirudi nyumbani na kibuyu chake kikiwa kimejaa, akakitundika mahali pake, akaenda kukama. Tangu hapo neno lake lilikuwa moja tu, analisema akiosha vyombo au akichagua maharage: "Mimi hawakuniita mapema."

Kwa hiyo nilipoona ameanza kuvuta kiti karibu na tangi kila akimaliza kukama, nilifurahi. Alimsemesha yule samaki Kikipsigis, taratibu, alivyokuwa akitusemesha sisi tukiwa na homa. Matumbawe aliyaita maua. Asubuhi moja yalifunguka yote, yakawa yanapepea kwenye maji, na Mama akaniita kutoka kwenye chai nije nione. Nilisimama pale na kikapu mgongoni nikahisi kama kaka ametufungulia mlango. Siku hiyo niliacha kabisa kusema habari za kuuza. Kama lile tangi lingeishi, Mama naye angeishi. Niliamini hivyo na bado sioni nilikosea wapi kuamini.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Konokono walikuwa wakidondoka kwenye kioo na kulala chini chali. Matumbawe yalijifunga, safari hii yakawa yanapauka na kumenyuka ngozi. Kamba akalala ubavu, na hakuamka tena. Nilimpigia simu yule rafiki. Akaniambia subira huvuta heri, tangi lililohamishwa huweza kuyumba hata baada ya kutulia. Nikamwambia subira haijawahi kufufua kamba. Akauliza kama nimetia kitu chochote majini. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto, natia maji ya dukani tena kidogo, na hata hayo siku hizi ni kama hayapungui.

Sikujiuliza kwa nini hayapungui.

Nilijua siku ya mvua ya mawe. Tulikuwa tumeanza tu kuchuma mawingu yakatufukuza, nikarudi nyumbani mapema kuliko kawaida, nimelowa. Mama alikuwa amesimama mbele ya tangi na jagi mkononi, anakoroga kwa mwiko. Ndani ya jagi maji yalikuwa na rangi ya kahawia.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Chumvi," alisema, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nikiona maji imeshuka naongeza. Samaki ya bahari si ni lazima apate chumvi? Hata ng'ombe ukimnyima chumvi anakonda." Kisha akaongeza kwa fahari, "Na si ile ya kupikia. Nimemwekea ile mzuri ya ng'ombe, ile ya duka la agrovet, iko na madini yote."

Hasira hasara, nalijua hilo tangu utotoni na halijawahi kunisaidia. Nilifungua mdomo nimpigie kelele. Lakini alikuwa akinitazama na jagi lake, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tumzike kaka: alikuwa mtu mwenye kazi. Nikaufunga mdomo. Nikatoka nje kwenye mvua na simu.

Yule rafiki aliuliza ni chumvi gani, nikamwambia. Halafu akasema chumvi ya mifugo huwa na shaba, kwa sababu ng'ombe anaihitaji, na shaba kidogo tu ni kifo kwa matumbawe, konokono na kamba. Samaki anaweza kustahimili. Lakini mawe yameshaifyonza, alisema, na kubadilisha maji hakutarudisha kilichokwisha kufa. "Usimgombeze mama," akasema. Nikamwambia nani amesema nitamgombeza, nikakata simu, nikalia chini ya mapaa ya zizi mpaka mvua ikaisha.

Mama alipoenda kanisani niliyatoa matumbawe yaliyooza. Yalinuka. Nilibadilisha maji niliyoweza, na nikamwambia chumvi sasa imetosha, hata ng'ombe hupewa kwa kiasi. Alikubali. Aliuliza maua yameenda wapi, nikasema msimu wake umepita. Hilo pia alikubali, kwa sababu yeye ni mkulima. Alibaki yule samaki peke yake, akizunguka juu ya mawe matupu, mzima kabisa.

Jioni moja tulikuwa tumekaa mbele ya samaki yule sisi wawili. Mama alimtupia punje zake za chakula, akamtazama akizidaka.

"Unaona huyu?" aliniambia. "Wengine wote wameenda, yeye amebaki. Ni ile chumvi. Nilimshika mapema."

Nilifunika kopo la chakula.

"Na ndugu yako hivyo hivyo. Kama ningefika nimlishe na mkono yangu, si angepona?"

Daktari alikuwa ametueleza kwamba hakuna ambacho kingemponya. Mama alikuwepo akielezwa. Lakini niliuona uso wake, laini kwa mara ya kwanza, na nikataka ubaki hivyo. Nikaona huruma hainigharimu kitu.

"Angepona, Mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Mikono yake ilikuwa magotini. Alikaa hivyo mpaka nikadhani ameridhika na ameshafikiria mambo mengine.

"Basi ni mimi nilichelewa," akasema, na hapo ndipo akaanza kulia.