Bibi wa Ukutani

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya rangi za mafuta, iliyochorwa Welisi, ubavuni mwa Uingereza, karne ya kumi na tisa. Bibi kizee, kofia nyeusi ndefu kama kinu kilichopinduliwa. Nilimjua palepale.

Nakala yake ilitundikwa sebuleni katika nyumba ya Diani alikopika mama yangu. Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, alinichukua kutoka kwetu Waa, akaniacha kwenye sebule iliyonukia nta ya sakafu, yeye akaenda jikoni kukuna nazi. Nikamwona bibi ananitazama. Bila shaka ndiye mwenye nyumba.

"Shikamoo, bibi."

Kimya. Nikasogea dirishani, macho yakanifuata. Nikamwamkia tena, kwa sauti zaidi. Mkubwa asiyeitikia shikamoo amekasirika, na mama angeniuliza nimemfanya nini tajiri wake. Mara ya tatu machozi yalikuwa yananilengalenga.

Jikoni mkuno wa nazi ukanyamaza.

"Marahaba, mjukuu wangu," ikajibu sauti nyembamba, ya kizee. "Hujambo?"

"Sijambo!"

Nikakimbilia jikoni kumpa mama habari kwamba yule bibi wa kizungu anajua Kiswahili. Mama alikuwa ameinamia nazi, mabega yakimtetemeka kwa kitu nilichodhani ni uchovu.

Juzi hiyo binti yangu akanisomea maelezo ya picha. Mchoraji alikuwa mtu wa kuzunguka vijijini, na bibi huyu hakuwa tajiri wa mtu yeyote. Alikuwa mpishi katika nyumba ya watu.

Kumbe siku ile mama aliniitikia kwa niaba ya mpishi mwenzake.