Msasa wa Fundi Nestory

Fundi Nestory wa Chanji alikuwa na dawa moja kwa kila kitu kilichogoma, nayo ilikuwa msasa. Redio ikikoroma, anaifungua, anasugua vibati vya betri, inaimba. Tochi, pasi, kengele za baiskeli, vyote vilipita mikononi mwake vikarudi kwa wenyewe vikiwa vizima. Kwa hiyo soko huria lilipoleta kompyuta za mtumba mpaka Sumbawanga, na mafundi wake wakawa wanapatikana Mbeya tu, watu walimfuata yeye. Angeweza kusema hajui. Lakini Nestory kusema hajui? Bora angelala njaa.

Mwalimu Cornelia, mama mstaafu, alikuwa amefungua duka la kuchapa barua na matangazo. Alikuwa na kompyuta moja na mchapaji mmoja, Angela, binti wa mzee Zenon wa kijiji cha Mwazye. Kwao Angela alikuwa wa kwanza kufanya kazi ya kukaa kwenye kiti, na baba yake hakuacha kulitaja hilo kila alipokwenda kusaga mahindi.

Kiangazi kimoja, vumbi lilipozidi, Mwalimu alimwita Nestory aje asafishe mashine. Nestory akafungua boksi, akapuliza, akafuta. Humo ndani akakuta vibao viwili vyembamba vinavyoitwa memori, ambamo kompyuta hushikilia kazi wakati inaendelea kufanywa. Vina meno ya njano upande mmoja. Nestory akaona hayo meno yamefifia, akatoa msasa. Kibao cha kwanza alikisugua kwa moyo wote. Cha pili alikirudisha kama kilivyokuwa, kwa sababu msasa ulikuwa umekwisha makali. Mashine ikawaka vizuri, akaondoka anapiga mluzi.

Siku chache baadaye kompyuta ikaanza kuganda. Angela yuko katikati ya ratiba ya harusi, ghafla herufi zinasimama, mshale hauendi, kibodi haisikii kitu. Dawa ni kuizima na kuiwasha tena, na kazi yote imepotea. Tena haikuwa na mpangilio. Iliweza kwenda siku nzima bila tatizo, halafu siku ya pili ikaganda kabla mtu hajamaliza hata anwani ya barua.

Nestory akaitwa tena. Duka lilikuwa limejaa wateja, na baadhi yao walikuwa wamekasirika. Aliketi, akabonyeza hapa na pale, na mashine, kwa ukorofi wake, haikuganda hata kidogo. Akamwambia Angela achape. Binti akakaa, akaanza kuchapa, na mstari wa tatu haukuisha kabla kioo hakijasimama.

"Mwalimu, ugonjwa nimeuona," Nestory akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Kompyuta haina kosa. Huyu binti hachapi, anatwanga. Mmempa kinu mkamwambia ni kibodi!"

Watu walicheka sana. Nestory alipenda kuchekesha, na siku hiyo alijisikia vizuri kweli. Angela aliizima mashine, akaiwasha tena. Toka hapo vijana wa mtaani wakawa wanamwita Kinu, na kabla mwezi haujaisha Mwalimu Cornelia, kwa masikitiko, alimwambia arudi nyumbani.

Akaja mchapaji mwingine, Silvana, mwenye vidole laini vya kupiga kinanda kanisani. Kompyuta ikaganda.

Hapo ndipo Nestory alipoanza kukosa usingizi, ingawa hakumwambia mtu. Alimwomba rafiki yake wa Mbeya amtumie disketi ya kupimia memori. Ilipofika, aliiingiza, akaiwasha mashine, na programu ikaanza kuandika na kusoma ndani ya memori, tena na tena, ikilinganisha ilichoweka na ilichokikuta. Asubuhi nzima namba zilipanda bila kosa. Halafu mistari myekundu ikaanza kumiminika. Mwalimu Cornelia aliuliza kama hiyo ni damu au ni nini.

"Memori inasahau, Mwalimu. Inapewa kitu, inarudisha kingine."

Akachomoa kibao kimoja, akapima kilichobaki peke yake. Hakuna mstari mwekundu. Akabadilisha. Mistari myekundu tupu. Akahamishia kibao hicho kwenye nafasi nyingine, labda nafasi ndiyo mbovu. Myekundu vilevile. Akakipeleka dirishani akitazame vizuri. Meno ya kile kibao hayakuwa na unjano tena. Yalikuwa na mikwaruzo ya kijivu, yote imelala upande mmoja, upande ambao mkono wake huvuta msasa. Yale ya kibao kizima yalikuwa ya njano, na ukungu wake kidogo ambao kumbe haukuwa na madhara yoyote. Alikuwa amekwangua ngozi yenyewe ya kupitishia umeme akidhani anakwangua uchafu.

"Vipi, fundi?" Mwalimu aliuliza.

"Radi, Mwalimu," alisema. "Ilipita kwenye nyaya."

Na kwa kuwa huko Ufipa radi huogopwa na hakuna anayebishana nayo, Mwalimu alitikisa kichwa akampa pole. Alimpa pole yeye! Nestory alikitia kile kibao mfukoni, akatoka bila kuaga sawasawa. Mashine ilibaki na kibao kimoja, ikawa inakwenda polepole lakini haigandi.

Pole ile ilimkaa kifuani. Kila aliposikia mtu anacheka barabarani alidhani anachekwa yeye, na alitamani iwe kweli. Mwishowe alipanda roli la mahindi akaenda Mwazye.

Mzee Zenon alimpokea kwa heshima zote, akamtolea kigoda. Angela akaja na maji ya kunawa, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimu Wafipa, na kabla Nestory hajafungua mdomo, akasema:

"Shikamoo, baba. Naomba unisamehe kwa ile mashine. Siku hizi najifunza kubonyeza taratibu."

Zenon akaongeza, "Tunakushukuru, fundi, ulituambia mapema. Angeharibu mali za watu."

Nestory aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alitoa kile kibao mfukoni, akawaonyesha mikwaruzo, akaeleza yote, msasa, disketi, mistari myekundu, hata radi. Alikuwa anaeleza huku anatazama chini. Alipomaliza, Zenon aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwa sababu hakutaka kumtukana mgeni kwake.

Angela alikuwa bado amepiga magoti.

"Baba, ulinisema mbele ya watu," alisema. "Hapa tuko sisi tu."

Nestory akamwomba aje mjini. Jumatatu, duka likiwa limejaa, Nestory alisimama katikati ya wateja, Angela akiwa mlangoni, akasema kwamba mashine aliiharibu yeye kwa msasa, kwamba binti hakuwa na kosa, na kwamba radi ni uongo wake. Mtu mmoja alisonya. Mwalimu Cornelia alivua miwani, akampita fundi, akamgeukia Angela.

"Mwanangu, nisamehe na mimi. Silvana, mpishe akae."

Angela akakaa. Mteja mmoja alitaka tangazo la kiwanja, akaanza kumsomea. Angela aliweka vidole juu ya kibodi, akabonyeza. Kwenye kioo hakikutokea kitu. Akabonyeza tena. Nestory alisogea haraka akidhani mashine imeganda, kumbe haikuganda. Binti alikuwa anagusa vitufe kwa woga kiasi kwamba havikushuka, na macho yake hayakuwa kwenye kazi, yalikuwa kwa watu, yakingoja wacheke.

"Bonyeza, mama," Nestory alisema. "Bonyeza tu kwa nguvu."

Angela aliitikia "ndiyo, baba" kwa adabu, akagusa tena, na herufi haikutokea.