Kidude cha Kumrudisha Shemeji Sebuleni

Shemeji yangu anajulikana sana na watu asiowahi kuwaona. Mchana ni mtunza bohari wa kiwanda cha magodoro. Akirudi nyumbani hujifungia kwenye kilichokuwa chumba cha wageni, akawasha redio yake ya mawasiliano na kuwaeleza wapenzi wenzake wa redio, huko waliko, kwamba anawasikia vizuri. Nao humjibu kwamba wanamsikia vizuri. Basi. Huelezana urefu wa antena, wakaagana kwa heshima zote kama mabalozi.

Dada yangu, aliyeachiwa sebule peke yake, alichoka. Alimpa mumewe sharti: aje akae naye, au yeye anahamia kwa dada yetu mkubwa. Mwanamume mwingine angezima redio. Shemeji akabuni kidude.

Kidude kilikaa ndani ya kisanduku cha sabuni: transista mbili za televisheni iliyokufa, na nyaya zilizopita chini ya mlango mpaka kwenye kompyuta kuukuu waliyoiacha watoto walipohama. Kompyuta ikiamrishwa, redio kule chumbani hubadili masafa yenyewe. Waya mmoja ulifanya kazi ya kitufe cha kuongea. Vya dukani ni ghali, na shemeji ni bahili wa kujivunia. Wenzake walimwonya aweke swichi kwenye waya huo, maana kompyuta ikijiwasha upya huweza kupeleka umeme humo, redio ikaanza kurusha sauti hewani bila kuambiwa. Akasema swichi ni anasa.

Jumapili mchana dada akaniita. Nilidhani naitiwa chakula, kumbe ni kubeba sanduku. Lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Shemeji nilimkuta sebuleni, kifua mbele, maikrofoni kando ya bakuli la sukari, macho kwenye skrini.

"Si unaona nakaa na dada yako?" akaniambia bila kugeuka.

Umeme ukakatika, ukarudi papo hapo. Redio inatumia betri ya gari, haikutikisika. Kompyuta ndiyo iliyozimika, ikaanza kujiwasha kwa kujivuta. Hakuna aliyeukumbuka ule waya.

Dada akavuta kiti. "Baba watoto, nimekula peke yangu mpaka nimeanza kuongea na sufuria. Nakuuliza mara moja tu. Nikiondoka leo na ndugu yangu hapa, utaona pengo?"

"Mm," akajibu shemeji, akigonga kibodi.

Roho iliniuma. Dada alinitazama, nami nikashika mpini wa sanduku.

Ndipo shemeji alipoinua kichwa, akaona kupitia mlango uliokuwa wazi taa nyekundu ya kurusha ikiwaka kule chumbani. Akachomoa waya kwa pupa. Sauti zikamwagika kutoka redioni, zikigombania nafasi.

"Mjibu mama huyo!"

"Tumesikia yote! 'Mm' ni jibu gani?"

"Tunasubiri, bwana!"

Dada akafunika mdomo, sijui kwa aibu au kicheko. Shemeji akaenda chumbani, akaizima redio kwa kidole chake mwenyewe. Akarudi, akaketi karibu na mkewe.

"Nitaliona," akasema. "Usiende. Nakuomba, usiende."

Nikarudisha sanduku chumbani bila kuulizwa. Wale wa hewani bado wanamuuliza alijibu nini siku ile. Anawaambia hayawahusu.