Dakika za Salamu

"Alors, Graciella, wewe uliyetufasiria ugonjwa wa damu ya mutoto wetu mupaka roho ikatulia, namna gani umeanguka mutihani mara mbili?" jirani yake wa mtaa wa Ganshoren, huko ugenini, maman Mauwa, alimuuliza siku moja.

Graciella alicheka kwa aibu. Mtihani wa cheti cha ushauri wa magonjwa ya kurithi ulimpa dakika kumi na mtu anayeigiza mgonjwa. Yeye, kama alivyolelewa kwao Likasi, aliulizia kwanza safari, wazazi, watoto. Kengele ikalia hajafika kwenye ugonjwa wa damu. Akianguka mara ya tatu, kazi hiyo ndiyo basi.

Akasali, kisha akawaandikia watahini: "Siombi maswali mepesi. Mtuongezee sote dakika tano, tumsalimie mtu kabla ya kumwambia anachowarithisha watoto wake."