Godoro la Wafadhili Lilivyoelea Kibosho

Chekeni tu, maana Kibosho nzima walishacheka mpaka wakachoka, na hadi leo nikipita sokoni naulizwa kama nimekuja kuogelea.

Iko hivi. Mke wangu Zuhura ni wa Mabogini, huko kwenye majaruba ya mpunga, mtu amekua anasikia maji mlangoni, halafu mimi nikamleta huku mlimani ambako mfongo wetu (ule mfereji wa mababu unaotoka kwenye chemchemi) siku hizi unakauka kabla haujafika kwangu. Akabeba ndoo miaka miwili, mwaka wa tatu akabeba begi. "Ema, sijakuacha," akasema, "siku maji yakipita nyuma ya jiko, niite." Tangu hapo nyumba ikawa kubwa, nakula ndizi zangu nimesimama kama ng'ombe.

Basi ikaja kampuni moja ya magodoro, ikasema itashirikiana na kamati yetu ya mfongo: wao walete miti ya asili ya kupanda kwenye chemchemi na wasakafie mfongo kwa sementi mpaka chini kwetu, sisi tulinde chanzo. Siku ya kusaini mkataba, bosi wao afungulie maji ya bwawa letu dogo la kukusanyia, picha zipigwe. Kulijaza nikapewa mimi. Mzee Aloyce, mwenyekiti, aliniambia niliache lijae usiku mmoja tu. Lakini mimi (shule niliishia kidato cha pili, na hesabu za ujazo nilizikwepa) nikawaza, usiku mmoja hayo si maji, ni mate. Nikaziba mfongo siku tatu, ukuta nikauongeza kwa tope na magogo ya migomba, majirani wakiulizia zamu zao za maji nawaambia wataalamu wanapima. Halafu nikampigia Zuhura: "Maji yamerudi, mama. Moja kwa moja."

Akaja! Gauni la kijani, kakaa kiti cha nyuma kwenye hema la wageni, na mimi nimesimama bwawani kifua mbele kama mbunge. Bosi akavuta ubao uliozuia maji, watu wakapiga makofi, na ukuta wangu wote ukaondoka na ubao. Jamani! Maji yaliingia kwenye hema bila kadi ya mwaliko, kina mama wakapandisha vitenge, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika, kiatu cha bosi kikaenda, na lile godoro lao la maonyesho likaelea na keki juu yake, limetulia kama mgonjwa.

"Nani alijaza hili bwawa?" bosi akauliza.

Vidole vya kijiji kizima vikanielekea.

"Tutawasiliana," akasema, kalamu akairudisha mfukoni.

Kugeuka, Zuhura hayupo. Nikamkuta nyumbani, nyuma ya jiko, viatu mkononi, miguu ndani ya mfongo, anacheka kile kicheko nilichokikosa mwaka mzima. Nikaingiza na yangu. Tukasimama hivyo, maji yanatupita. Halafu yakawa membamba, yakawa tope.

"Na kesho, Ema?"

Akavaa viatu juu ya tope hilohilo, akarudi Mabogini.

Kamati ilinitoza mbuzi na pipa la mbege, nikatoa bila ubishi. Kampuni ilirudi baadaye, miti wameshatuletea, ila sementi wamesema kwanza waone kama tunajua kulinda maji yetu (hapo Mzee Aloyce aliniangalia mimi peke yangu). Kwa hiyo kila Jumamosi niko kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na wenzangu, tunapanda miti juu, tunazibua mfongo kwa jembe, na wa kwanza kufika ni mimi. Kuziba nimeacha. Kumdanganya mke wangu kuhusu maji ndiyo nimeacha kabisa, hata unipe nini.

Juzi Zuhura kapiga simu, kauliza maji yamefika wapi. Nikamwambia ukweli, yamefika kwa Mzee Aloyce, migomba ishirini na miwili kutoka jikoni.

"Wiki ijayo hesabu tena," akasema.